Fimbo Haiwezi Kuziba Pengo la Madawati

Mwaka 1997 Serikali ya Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote, milango ya shule ilifunguliwa kwa watoto ambao wazazi wao hawakumudu ada. Katika muda wa mwaka mmoja, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Hatua hiyo ilistahili sifa. Lakini walimu, madarasa na madawati havikuongezeka kwa kasi hiyo hiyo.

Suala la nidhamu shuleni halina budi kutazamwa katika hali hiyo. Mtoto aliyeketi sakafuni, asiye na kitabu na ambaye hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, atamchokoza mwenzake, atapiga kelele au atatoroka. Utundu wa namna hiyo hutokana zaidi na kukosa shughuli kuliko ubaya wa tabia. Naye mwalimu aliyeelemewa huiona fimbo kuwa ndiyo msaidizi wake wa pekee.

Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imepiga marufuku viboko shuleni. Uamuzi huo ni wa haki. Hata hivyo, sheria humwambia mwalimu asilopaswa kufanya. Haimfundishi namna ya kulituliza darasa lililofurika. Ndiyo maana fimbo bado haijatoweka.

Mfano wa Wilaya ya Luwero unafaa kuzingatiwa. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2015, shule za msingi 42 ziligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilifuata kwa miezi 18 mpango wa shirika la Raising Voices la Kampala, ambao huwashirikisha walimu, wanafunzi, wakuu wa shule na wazazi katika kuweka malengo ya shule, na kuwazoeza walimu njia za kurekebisha tabia pasipo kipigo. Mwishowe, wanafunzi waliosema kuwa walipigwa na wafanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31, ilhali katika fungu la pili walikuwa karibu asilimia 49.

Asilimia 31 si jambo la kujivunia. Lakini tofauti hiyo yathibitisha kwamba mwenendo wa shule waweza kubadilika hata kabla ya majengo mapya kusimama. Kanuni chache zilizokubaliwa na wanafunzi wenyewe, zamu za kufagia na kugawa vitabu, kazi za vikundi, na mazungumzo na mzazi wa mtoto mkaidi, yote hayo hayahitaji fedha nyingi.

Yasitumiwe, hata hivyo, kuwa kisingizio cha kuchelewesha madawati na walimu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: akilelewa kwa kipigo, atajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Wazazi, walimu na viongozi wa wilaya wanapaswa kulibeba jukumu hili kwa pamoja, wala wasimwachie mwalimu mmoja na fimbo yake.