Mashtaka dhidi ya familia ya konyeza

Hoja za mwenzetu mmezisikia. Zimesemwa barazani hapa Chukwani, zikarudiwa na vijana wa Chuo Kikuu cha SUMAIT wakisubiri daladala, na sasa watu wanazitaja kana kwamba zimeshathibitishwa. Anasema katuni ya The Jellies!, waliyoibuni rapa Tyler, the Creator na rafiki yake Lionel Boyce, ni upuuzi, ni uchafu, ni hila ya biashara, ilianguka, na juu ya hayo yote haituhusu. Nimezisikiliza hoja hizo mpaka mwisho, kisha nikaitazama katuni yenyewe, kazi ambayo nina shaka kama kila mshitaki aliifanya. Nyinyi ndio mahakimu. Ninachoomba ni kwamba mzipime moja moja, kwa sababu zikiingia mahakamani kwa pamoja hubebana.

Kwanza kisa, kwa ufupi. Cornell, kijana wa miaka 16, anagundua kuwa wazazi wake si waliomzaa. Ugunduzi huo ulipaswa kuwa mwepesi: yeye ni binadamu, na familia iliyomlea ni ya konyeza, wale viumbe laini wanaotuwasha tukiogelea maji yakijaa. Lakini miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Katuni ilianzia mwaka 2015 kwenye Golf Media, programu ya simu ya Tyler mwenyewe, na mwaka 2017 ikachukuliwa na Adult Swim ya Marekani. Msimu wa pili ulitoka 2019, na hapo ikaisha.

Shtaka la kwanza lina sura mbili zisizoweza kukaa kwenye uso mmoja. Mwenzetu anaanza kwa kusema katuni ni mambo ya watoto, na mtu mzima anayekaa kuitazama amepungukiwa. Hata chai haijapoa, anasema The Jellies! haifai kwa sababu imejaa mambo ambayo mtoto hatakiwi kuyaona. Achague. Ikiwa katuni kwa asili yake ni ya watoto, basi hii si katuni, na lawama ya kwanza haiigusi. Ikiwa ina mambo ya wakubwa, basi ilitengenezwa kwa ajili ya wakubwa, kama jina la Adult Swim linavyotangaza wazi, na lawama ya pili haina mlengwa. Hakuna aliyewahi kumwambia Gado au Masoud Kipanya kwamba kwa vile wanachora, wasomaji wao ni wanafunzi wa skuli za maandalizi. Na tangu 2009 Wakenya wazima, wenye kura na madeni, wamekaa mbele ya televisheni kuwatazama wanasiasa wao wakiwa vikaragosi vya mpira katika The XYZ Show. Sijasikia kuwa walipungukiwa kwa hilo.

Anayo hoja ya maana kidogo ndani yake, nami sitaificha. Nchini Marekani Adult Swim inatumia chaneli ileile ya Cartoon Network: mchana ya watoto, usiku ya wakubwa. Kwa hiyo hofu ya mzazi si ya kubuni. Lakini tazameni dawa anayoipendekeza. Anaisifu Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, iliyoagiza mwezi Juni 2017 katuni sita ziondolewe hewani, na anataka Wawakilishi wetu, ambao jumba lao liko hapa hapa Chukwani, wafanye vivyo hivyo. Katuni zile sita zilikuwa zipi? The Loud House, The Legend of Korra, Hey Arnold!, Steven Universe, Clarence na Adventure Time. Zote za chaneli za watoto. Mfano anaouleta kuthibitisha kuwa katuni za wakubwa ni hatari ni mfano wa watu waliozikamata za watoto. Kama anataka sensa, tunayo BASFU, chombo cha Zanzibar cha sanaa na sensa ya filamu, na ina mamlaka yake bila ya kusubiri kikao cha Baraza la Wawakilishi. Kwanza aseme ni kituo gani cha Unguja kilichowahi kuirusha The Jellies! Mpaka hapo anaomba zuio la kitu ambacho hakijafika bandarini.

La pili linahusu mwenye kazi, si kazi. Tyler, tunaambiwa, ni mtu ambaye hata Uingereza ilimzuia asiingie. Kweli. Mwaka 2015, Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Tyler alizuiwa kwa sababu ya maneno ya nyimbo zake za zamani, yaani albamu za Bastard ya 2009 na Goblin ya 2011. Maneno yale yalikuwa mabaya, na siyatetei. Lakini aliyaandika akiwa na miaka 18 hadi 20, na baada ya hapo aliingia Uingereza na kutoka mara kadhaa kabla ya mtu yeyote kukumbuka kukasirika. Kufika 2019 alikuwa amesharuhusiwa tena. Hata tukiliacha hilo, nyimbo hizo zinathibitisha nini juu ya katuni? Kinachonichekesha zaidi ni shahidi mwenyewe. Huyu ndiye mwenzetu ambaye wiki nzima hutuambia Ulaya haina la kutufundisha katika maadili. Leo amewaita maofisa wa uhamiaji wa London waje kutoa ushahidi wa maadili.

Sasa rangi, na hapa nitakaa, maana hapa ndipo aliposikilizwa zaidi. Katika toleo la mwanzo la Golf Media, Cornell alikuwa Mzungu. Alipohamia televisheni akawa mweusi. Mwezi Julai 2017, kwenye maonyesho ya Comic-Con ya San Diego, mtu katika hadhira alimuuliza Tyler kwa nini amembadilisha. Naye akajibu kwa swali: ni wahusika wangapi weusi wa katuni walioko kwenye televisheni sasa hivi? Watajwe watano. Ukumbi ukababaika. Mwenzetu anasema huo ulikuwa mchezo wa jukwaani, kwamba rangi ya mchoro haina maana yoyote, na kwamba watano hutajika kwa pumzi moja. Kisha akawataja: Cleveland wa Family Guy, Carl wa The Simpsons, Cyborg wa Teen Titans Go!, Doc McStuffins, na Huey wa The Boondocks.

Tuwapitie mmoja mmoja, kwa haki. Huey anatoka mara moja, kwa sababu The Boondocks ilimalizika 2014 na swali lilisema sasa hivi. Cleveland na Carl walikuwepo hewani, sawa. Lakini sauti ya Cleveland ilikuwa ya Mike Henry, Mzungu, na ya Carl ilikuwa ya Hank Azaria, Mzungu pia, na hali hiyo haikubadilika mpaka 2020. Tena wote wawili ni marafiki wa mtu mwingine ambaye hadithi ni yake. Cyborg ni mweusi, na sauti yake ni ya mtu mweusi, ila ni mmoja kati ya mashujaa watano. Doc McStuffins nampa bila ubishi: mtoto wa kike mweusi, mhusika mkuu, tangu 2012. Ni katuni ya watoto wadogo wanaojifunza kunawa mikono na kutoiogopa sindano.

Kwa hesabu kavu, basi, mwenzetu ana wanne, na Tyler angeweza kubanwa. Nakubali. Lakini mmeona orodha hiyo inasema nini? Mtu aliyepewa muda wa kutosha, ana simu mkononi na marafiki pembeni, amechimba televisheni nzima ya Marekani akarudi na daktari wa midoli, roboti nusu mtu, na wanaume wawili waliosemewa na Wazungu. Mhusika mkuu mweusi katika katuni ya wakubwa, mwaka 2017, hakumpata hata mmoja wa kumweka hapo. Alikusudia kumwangusha Tyler, akamfanyia kazi yake.

Na lile la rangi kutokuwa na maana? Kama haina maana, kubadilishwa kwa Cornell kulimuumiza nani? Mtu asiyejali rangi ya mchoro asingegundua, au angegundua akaendelea kula. Hoja hii ina watu wake Marekani na inao hapa pia, na siku zote hujitokeza rangi inapobadilika kuelekea upande mmoja tu. Carl aliposemewa na Azaria kwa miaka mingi, barazani hakukuwa na kikao.

Anasema pia kwamba Tyler aliazima jina tu, kama wafanyavyo mastaa wote. Wapo wa namna hiyo. Mwaka 1991 Marekani ilionyeshwa Hammerman, katuni ya MC Hammer, ambamo jamaa mwenye viatu vya ajabu vinavyosema anageuka kuwa shujaa. Hiyo ilikuwa biashara ya jina, na ilidumu vipindi 13. Lakini Tyler alikuwa ameshafanya misimu mitatu ya Loiter Squad na wenzake kuanzia 2012 hadi 2014, kwenye Adult Swim hiyohiyo, na The Jellies! aliianza kwenye programu yake mwenyewe kabla ya kituo chochote kuinunua. Wa kuazima jina hatangulii kununua kabati la kuliwekea. Na yule Boyce, ambaye mwenzetu hakumtaja hata mara moja, si mpambe wa jukwaani: tangu 2022 dunia inamjua kama Marcus, mpishi wa keki katika tamthiliya ya The Bear.

Kuhusu kuanguka, sitapoteza karatasi nyingi. Misimu miwili kisha kimya: ni kweli, na vichekesho vyake havina uwiano. Vingine ni vya chooni, vingine vinaisha kabla havijaanza kuchekesha. Mwenzetu anaweza kusema hivyo nami nitaitikia. Asichoweza kusema ni kwamba Tyler alipata heshima pale tu alipoitupa katuni akarudi kwenye muziki. Msimu wa pili ulitoka 2019, mwaka uleule wa Igor, albamu iliyompa Grammy ya albamu bora ya rap Januari 2020. Kijana yuleyule, mwaka uleule, alikuwa na mikono miwili kwenye vyungu viwili.

Limebaki shtaka ambalo mwenzetu alilitunza kwa mwisho kwa sababu analipenda: kwamba haya ni mambo ya watu wengine, kwamba wanamuziki wetu na katuni hawajuani, na kwamba hawana haja ya kujuana. Sehemu ya kwanza si kweli. Just a Band wa Nairobi waliupa wimbo wao Iwinyo Piny, wa albamu yao ya kwanza ya 2008, video ya katuni tupu. Tinga Tinga Tales, iliyoonekana Uingereza mwaka 2010 kwa michoro ya mtindo uleule unaoning'inizwa kila duka la Mji Mkongwe, ilichorwa Nairobi na Homeboyz, kampuni iliyozaliwa na ma-DJ. Ndiyo, ma-DJ. Wapiga santuri walikaa na wachoraji, wakachora jinsi tembo alivyopata mkonga.

Sehemu ya pili ndiyo inayohitaji kuangaliwa. Kwa nini basi walichora tembo, na si mtu wa umri wao mwenye kodi ya nyumba na aibu zake? Jibu si mila, kama mwenzetu anavyotaka. Jibu ni nani analipa. Katuni ni sanaa ghali: sekunde moja ya picha inayotembea inadai michoro mingi, mtu wa sauti, mtu wa muziki, kompyuta na umeme usiokatika. Huku kwetu mwenye fedha za kulipia hayo ni mfadhili, na mfadhili analipia somo. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, tangu 2014, imewafundisha hesabu watoto wengi kwa nyimbo na michoro, na ni kazi nzuri sana. Lakini angalieni: kila mhusika mweusi anayezungumza Kiswahili katika katuni hiyo yupo kazini. Anafundisha jedwali, anafundisha sayansi. Hana ruhusa ya kuwa kama Cornell, yaani kijana mzembe, asiyejua lolote, aliyekaa miaka 16 na konyeza bila kuuliza kwa nini yeye ana mifupa.

Ruhusa hiyo ndiyo Tyler aliyoichukua, kwa fedha zake kwanza kisha kwa fedha za kituo, na mwenzetu anaiita upuuzi. Upuuzi ndio hasa. Wazungu wamefanyiwa upuuzi wa aina hiyo kwa miongo kadhaa, mtu na mkewe na mbwa wao, bila yeyote kuuliza umefundisha nini. Mwenzetu mwenyewe anaujua: alipomtaja Cleveland na Carl, hakusema walimfundisha kitu.

Nina ombi moja kwake kabla hamjaamua. Ataje katuni moja ya Afrika Mashariki ya watu wazima, isiyofundisha hesabu wala usafi wala uraia, iliyobuniwa na mwanamuziki. Simwambii ataje tano.