Gari Limeharibika?

Leo naomba tuzungumze kuhusu miguu yako.

Kila Januari naona jambo lile lile. Mtu ananunua raba mpya, anaingia kikundi cha WhatsApp cha kupanda milima, Jumamosi wanaenda Ngong Hills, picha zinapigwa chini ya mitambo ya upepo, na Jumapili anaingia kanisani akichechemea kama shujaa aliyetoka vitani. Tunampongeza. Ikifika Machi, raba ziko chini ya kitanda.

Sina neno na Ngong Hills. Ukisimama kwenye ule mgongo, jiji liko upande mmoja na Bonde la Ufa limefunguka upande wa pili, hata mtu asiyejua kuomba hunyamaza kidogo. Lakini huwezi kula Jumamosi moja chakula cha mwezi mzima. Mlima wa mara moja hauwezi kufanya kazi ya njia ya kila siku.

Nalisema kwa sababu sisi wachungaji tunaitwa hospitalini usiku na tunasimama makaburini mchana, na familia zinarudia maneno mawili: presha, sukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu. Hesabu watu wa benchi lako Jumapili. Maombi ya uponyaji nayaamini na nitaendelea kukuombea. Lakini kuna mpendwa anayeomba presha ishuke huku akipanda boda kutoka nyumbani hadi dukani, mita mia tatu! (Na dawa ulizoandikiwa usiziache. Kutembea hakukuja kuchukua nafasi ya daktari.)

Tuseme ukweli: hapa kwetu kutembea kumebeba aibu. Ukimwona jirani mwenye gari anatembea, swali la kwanza ni, "Gari limeharibika?" Tumefundishana kwamba miguu ni ya mtu aliyekosa nauli, na baraka ya kwanza ya mshahara mzuri ni kuacha kuitumia. Ndugu yangu unayetoka Kibera alfajiri kwa miguu hadi Industrial Area na kurudi jioni, ujumbe huu si wako. Wewe umeshatembea, unachohitaji ni nauli na usingizi. Naongea na yule anayekaa ofisini saa nane, kwenye foleni saa mbili, kisha kwenye kochi mpaka usiku.

Kinachotakiwa si kikubwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba pambio pumzi inakatika. Ile habari ya hatua 10,000 isikutishe. Ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala haikutoka kwa madaktari.

Na hapa ndipo wengi wanakwama: wanataka tabia ijengeke haraka. Tunapenda sana namba 21. Lakini watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 wakijaribu kujenga tabia ndogo za kila siku, na mwaka 2010 wakatoa matokeo: kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kujisukuma. Wengine siku 18 tu. Kwa wengine hesabu ilifika 254. Na waliona pia kwamba aliyekosa siku moja hakuharibu kazi yake. Nakuomba ulishike hilo, kwa sababu adui wa kutembea si siku uliyokosa. Ni ile sauti inayokuambia, "Umeshaanguka, ngoja uanze upya mwezi ujao."

Siku 66 ni nyingi. Nidhamu peke yake haikufikishi huko. Mashine ya jimu haikufikishi, maana ukutani hakuna jipya. Maoni yangu ni haya: kinachomrudisha mtu njiani ni uzuri wa njia yenyewe. Anayetembea ili apunguze kilo ataacha siku mizani ikigoma. Anayetembea kwa sababu Oktoba mijakaranda imetandaza zambarau chini, au kwa sababu jana aliona kima na mtoto wake na anataka kujua kama bado wako, huyo kesho atatoka tena.

Nairobi tumepewa Karura. Zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji, njia za zaidi ya kilomita 50, maporomoko ya maji, mapango ya wapiganaji wa Mau Mau. Vijana wengi wanaopiga picha pale hawajui kwamba miaka ya 1990 vipande vya msitu huo vilikuwa vimegawiwa watu binafsi ili wajenge. Januari 1999 Wangari Maathai alienda kupanda miti na wenzake wakapigwa. Yeye mwenyewe alipasuliwa kichwa. Miaka mitano baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kuna mama aliyemwaga damu ili wewe upate kivuli cha kutembelea, na wewe unatafuta maegesho karibu zaidi na mlango wa supamaketi.

Lakini Karura ina kiingilio. Ukikizidisha mara siku thelathini, kwa familia nyingi haiwezekani, na ukiongeza saa nzima ya foleni kufika langoni, utatembea mara mbili kisha uache. Kwa hiyo Karura iwe ya Jumamosi. Njia ya kila siku ianzie langoni kwako.

Usiniambie kwako hakuna. Walio Nakuru, ukingo wa Menengai uko juu ya vichwa vyenu. Mombasa mna Mama Ngina, upepo wa bahari bila kulipia tiketi ya kwenda kokote. Limuru na Kericho, njia ya katikati ya majani chai, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala. Na wewe wa kijijini, ile njia ya mtoni ambayo watoto wako wa mjini huipiga picha wakija Desemba, wewe uliipita mara ya mwisho lini bila ng'ombe mbele yako?

Ifunge njia hiyo kwa jambo ambalo tayari unalifanya. Umempeleka mtoto kwenye basi la shule? Usirudi ndani, endelea mbele. Tafuta pia mtu mmoja wa kukusubiri, maana kitanda hakikuonei haya lakini jirani aliyesimama langoni na sweta unamwonea haya. Dada zangu, hili kwenu ni la usalama pia: njia yenye kichaka msiipite peke yenu, wala gizani. Nairobi saa moja kasorobo pote kumekucha, mwezi wowote.

Ukitaka kuomba ukitembea, omba. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Wale wawili wa Emau walitembea karibu kilomita 11 kutoka Yerusalemu. Mezani ndipo walipomtambua Bwana, lakini mafundisho waliyapata njiani.

Anza kesho na dakika kumi, tano za kwenda na tano za kurudi. Wiki ijayo ongeza. Atakayekuuliza kama gari limeharibika, mwambie ni zima, kisha mkaribishe mwende pamoja. Na mvua ikikuzuia Jumanne, toka Jumatano. Kutakuwa na matope, kwa hiyo vaa raba za zamani.