Marilynne Robinson Hakunyamaza

Marilynne Robinson, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa Sandpoint, Idaho, mwaka 1943, hatajwi mara mbili bila mtu kudakia kwamba aliandika riwaya moja, akanyamaza miaka 24, kisha akazuka na Gilead. Kwa riwaya, hesabu ni sahihi: Housekeeping ilitoka 1980, Gilead 2004. Lakini kunyamaza huko kuko wapi? Mwaka 1989 alitoa Mother Country, akaivaa serikali ya Uingereza kwa taka za nyuklia zilizokuwa zikimwagwa baharini kutoka kiwanda cha nyuklia cha Sellafield. Hata wanamazingira wa Greenpeace hakuwasaza. Wakafungua kesi ya kashfa, na kitabu kikapigwa marufuku Uingereza. Huyo ndiye bubu wetu! Mwaka 1998 zikafuata insha za The Death of Adam, anamomtetea Calvin, mwanateolojia ambaye wengi humlaani bila kumsoma. Anayezijua insha hizo atamtambua Mchungaji Ames wa Gilead tangu kurasa za mwanzo.

Wengine husema huyu ni mhubiri aliyejificha ndani ya riwaya. Hili ndilo linalonikera zaidi. Ni kweli Ames ni mchungaji, mzee wa miaka 76 anayemwandikia barua mwanawe mdogo. Ila mhubiri angempa mchungaji wake ushindi. Robinson anamwacha Ames atusimulie, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa kanisa la Weusi mjini kwake liliwahi kuchomwa moto. Mchungaji wao alikuja kumuaga, waumini wake wakihamia Chicago, akamletea mayungiyungi aliyoyang'oa mbele ya kanisa lake. Ames aliyapokea. Basi. Na mji huo ulianzishwa na wapinga utumwa! Miaka mingi baadaye Jack, mwana mpotevu wa rafiki yake, anamwonyesha picha ya mkewe Mweusi na mtoto wao, akitaka kujua kama wangeweza kuishi hapo kwa amani. Mwishowe Jack anaondoka kwa basi, na alichobaki nacho mzee cha kumpa ni baraka tu. Mahubiri gani hayo yanayomwacha mhubiri uchi?

Kwamba vitabu vyake havina matukio, hapo nawapa nusu. Katika Housekeeping gari moshi zima linatumbukia ziwani usiku, lakini baada ya hapo ni mwendo wa kobe. Anayetaka mkimbizano ana waandishi wengine tele.

Wapo pia wanaodai alibahatisha tuzo ya Pulitzer ya 2005 kwa Gilead. Lakini riwaya yake nyingine, Home, ilipata tuzo ya Orange mwaka 2009, na mwaka 2015 Rais Obama alikaa naye Des Moines, rais akiwa ndiye mwuliza maswali.

Na kwa wanaoziita insha zake kazi ya pembeni: riwaya zake ni tano. Vitabu vyake visivyo riwaya, hadi Reading Genesis cha 2024, ni saba.