Kunjwa, Kunjika, Kunjamana: Kiswahili na Elimu ya Milima

Mji wa kale wa Gede, ulioko kilomita 15 hivi kusini mwa Malindi, hutajwa mara kwa mara katika mihadhara ya Kiswahili. Hutajwa kwa misikiti yake, kasri lake na kaburi lenye maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, jiwe lililoujenga mji huo halizungumziwi. Huachiwa mwalimu wa jiografia, naye hulieleza kwa Kiingereza. Mgawanyo huu wa kazi unaidhuru lugha, na haufai kuendelea.

Wanaoutetea hudai kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani tambarare, kwa hiyo hakina namna ya kueleza jinsi milima inavyoumbika. Ni kweli kwamba Gede hakuna mlima. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na mji wenyewe umekaa juu ya mwamba wa matumbawe yaliyoota zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Mwamba huo haujapata kukunjwa. Lakini je, lugha hushindwa kulieleza jambo kwa sababu tu halipo mlangoni pake? Kama ndivyo, Kiswahili kisingekuwa na la kusema juu ya theluji.

Jibu limo katika kitenzi. Mabamba mawili ya ganda la dunia yanaposukumana, matabaka ya miamba yaliyo kati yake hubanwa. Yale ya chini sana, yaliyolainishwa na joto, hukunjika na kukunjamana kama mkeka uliosukumwa kutoka ncha zote mbili: hapa huinuka mgongo, pale hubonyea. Yale ya juu, yaliyo baridi na magumu, hupasuka kwa ufa wa mshazari, na kipande kimoja hupandishwa juu ya kingine. Ndipo jiwe la kale huweza kulikalia jiwe changa, kinyume cha mpangilio wa kawaida. Ufa wa namna hiyo waweza kuitwa ufa wa mpando. Ganda hupungua upana, huongezeka unene, na safu ya milima huinuka.

Katika maelezo hayo kauli ya kutendana imeonyesha nguvu mbili zinazokabiliana (sukumana), kauli ya kutendeka imeonyesha hali ya mwamba (kunjika), na kauli ya kutendeshwa imeonyesha kipande kisichojipandisha chenyewe (pandishwa). Hivi ni viambishi ambavyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huvifanyia mtihani kwa sentensi za Juma na Asha, asiambiwe kwamba vinaweza kubeba elimu ya dunia nzima.

Wala mifano haiko mbali. Mto Galana, ambao huitwa Sabaki unapokaribia bahari kaskazini mwa Malindi, hupita Tsavo, katika nchi ya miamba iliyokunjwa kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita. Mabara ya kale yaligongana, ikainuka safu ndefu ya milima katika sehemu ambazo leo ni Msumbiji, Tanzania, Kenya na Ethiopia. Mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliiita miamba hiyo Ukanda wa Msumbiji katika maandishi yake ya mwaka 1951. Milima yenyewe imekwisha kuliwa na mvua na mito; yaonekanayo sasa ni mawe yaliyokuwa kilomita nyingi chini ya vilele vyake. Milima ya Taita imechongwa katika mawe hayo, lakini kimo chake cha leo, mita 2,208 pale Vuria, ni kazi ya mipasuko na mmomonyoko wa baadaye sana.

Ng'ambo ya bahari, Oman, ambako watu wengi wa pwani wana jamaa, mpando ni dhahiri zaidi. Miaka milioni 90 hivi iliyopita, sakafu ya bahari ilisukumwa ikapanda juu ya ukingo wa Arabuni. Nao Jabal Akhdar, karibu na Nizwa, ni mkunjo mmoja mkubwa, mithili ya jahazi lililopinduliwa kifudifudi.

Wako watakaohofu kwamba kila mwandishi akijiundia istilahi, vurugu itazuka. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake si kunyamaza. BAKITA, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, au chombo kingine chochote cha usanifishaji, hakiwezi kusanifu neno ambalo hakuna aliyelitumia. Istilahi huishi katika aya, si katika orodha.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi huo utabaki wa karatasi iwapo mtoto wa Gede atajua kulitia jiwe la kwao katika shairi lakini ashindwe kueleza kwa lugha hiyo hiyo lilikotoka. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kupokea tasnifu zinazojaribu kazi hii, na wanafunzi wa isimu wana wajibu wa kukaa meza moja na wenzao wa jiolojia. Mkataa kwao ni mtumwa, na lugha inayokatazwa kusema juu ya ardhi inayoikalia haiko mbali na utumwa huo.