Makambi Nayo Yanahitaji Daftari la Mahudhurio

Kila ikikaribia Juni, wengi wetu tuliolelewa kwa Wasabato tunapigiwa simu kutoka nyumbani. Hawaulizii matokeo wala bumu. Ni mzee wa kanisa: "Mwalimu, makambi yanakaribia, tunakutegemea kwa watoto." Ukishasoma ualimu hata mwaka mmoja tu, kanisani wewe ni mwalimu tayari.

Kwa asiyeyajua, makambi ni juma zima la ibada, Sabato hadi Sabato. Familia zinabeba magodoro, ndoo, masufuria na watoto, zinahamia uwanjani kwenye maturubai. Utaratibu huu Waadventista waliuanza Marekani, huko Wright, Michigan, mwaka 1868. Ujumbe wenyewe uliingia Upare mwaka 1903, na leo makambi ni ya kwetu kabisa, yananuka moshi wa kuni na mchaichai. Mimi nimehudumu mara tatu, zote kwenye turubai la watoto. Ninayapenda, na ndiyo maana nayasema haya.

Mwaka jana tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja wa kwaya, kwa watoto wasiopungua sabini. Wa miaka minne na wa miaka tisa, mkeka mmoja. Sisi wa elimu tunajua kiwango cha nchi kwa darasa la awali: mwalimu 1 kwa watoto 25. Lakini nani anakumbuka kiwango asubuhi, wakati akina mama wanakusukumia watoto mlangoni huku wanakimbilia somo la afya? Tuliimba, tukasimulia habari za Danieli, tukagawa uji. Nilijiona mwalimu hodari kweli.

Jumatano mchana mtoto mmoja wa miaka mitano hakuonekana. Tuligundua kwenye uji, kikombe kimoja kilibaki. Na kiukweli, tulikigundua kwa bahati, kwa sababu dada wa kwaya alikuwa amevihesabu vikombe, si watoto. Nikauliza jina lake. Mmoja akasema Neema, mwingine akasema Neema ni yule pale. Hatukuwa na orodha. Yaani mimi, niliyefundishwa kwamba kipindi kinaanza na mahudhurio, niliyeandika maandalio ya somo mpaka vidole vikauma, sikuwa na hata karatasi yenye majina. Kwa nini? Kwa sababu nilijiambia hapa ni kwa Bwana, hapa tunajitolea.

Tulimtafuta karibu saa nzima. Kando ya uwanja kuna mfereji wa kumwagilia, na sitaki kueleza niliwaza nini nilipoufuata. Kwenye turubai kubwa mhubiri alikuwa anaendelea. Niliogopa kwenda kumkatiza, na hilo nalo linanisumbua mpaka leo: niliona aibu kusimamisha hubiri wakati mtoto hajulikani alipo.

Alipatikana jikoni, amelala nyuma ya magunia ya mahindi. Mama yake alikuwa palepale anageuza ugali, hana habari. Baba yake shemasi, yuko getini. Nilipomuuliza mtoto kwa nini alipotea, alinishangaa. "Sikupotea. Nilimfuata mama."

Alikuwa sahihi. Tunayaita makambi ya familia, ila ratiba yetu inaitawanya familia kuanzia alfajiri. Mama jikoni, baba ulinzi, kaka kwa Watafuta Njia, mdogo kwetu. Wanakutana usiku, wamechoka, wanalala. Mtoto mmoja ameona kasoro hiyo, akairekebisha kwa miguu yake, sisi tukamwita mpotevu.

Wapo watakaosema naleta mambo ya ofisini kanisani. Mzee mmoja aliniambia hivyo wazi, kwa upole: makambi yameendeshwa miaka yote bila makaratasi na watoto wamekua. Namheshimu sana. Lakini zamani makambi yalikuwa ya kijiji, kila mtu anamjua mtoto wa nani ni yupi. Siku hizi turubai moja linakusanya mitaa kadhaa na wageni kutoka mjini, na anayekuja kumchukua mtoto jioni wewe humjui. Akisema "mimi ni mjomba wake", unampa? Mimi nilishawapa. Hawakuwa watu wabaya, lakini sikuwa na njia ya kujua. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuachi nje eti kwa kuwa hulipwi.

Gharama hapa si hoja. Daftari moja la kaunta buku. Vipande vya kitenge vya kufunga mkononi, kila rangi na kundi lake, namba ya simu ya mzazi imeandikwa kwa kalamu ya wino. Mtu wa tatu, hata kama si mwalimu, akae mlangoni. Na angalau somo moja kwa siku wazazi waje wakae mkekani na watoto wao, na jikoni wapike zamu ili mama naye aje. Hayo yote tuliyafanya kwa kubahatisha kuanzia Alhamisi, na siku ile ya kwanza tu nilijua majina zaidi ya siku tano zilizotangulia.

Kwa wanachuo wenzangu, wa makambi, wa kongamano la vijana, wa kambi za Pasaka za madhehebu mengine: tusijifiche nyuma ya neno "najitolea". Kwenye mazoezi ya kufundisha tunavaa vizuri na kushika rejista kwa sababu mkufunzi anakuja kutukagua. Watoto wa makambini hawana mkufunzi wa kuwasemea.

Mama yake yule mtoto sikumweleza siku ile. Nilimkabidhi tu, nikasema alisinzia. Nilimweleza Sabato ya mwisho, wakati watu wanang'oa maturubai. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimeshakula.

Mwaka huu mzee ameshapiga. Nikampa shikamoo, nikamwambia nitakuja, ila nahitaji kaunta buku mbili, mita moja ya kitenge na mtu wa tatu. Akacheka, akasema atapeleka kwenye kamati. Kamati inakaa Jumapili.