Wino Haupigi Solo

Kijana mmoja ninayemfundisha gitaa alinijia mwaka juzi akiwa na furaha tele. Alikuwa ametoka kwenye tamasha, na gitaa lake kavu, lile alilolinunua kwa akiba ya miezi minane, sasa lilikuwa na saini ya mwanamuziki anayempenda. Ilichorwa kwa maka peni nyeusi juu ya ubavu wa gitaa, pale mkono wa kulia unapoegemea. "Mwalimu, hili sasa ni la bei mbaya," aliniambia. Tangu siku ile hakulipiga tena. Alilifunga kwa nailoni, akalitundika ukutani, akawa anakuja kwenye mafunzo kuazima langu.

Simlaumu. Amerithi imani ambayo watu wengi wanaichukulia kuwa ukweli usiohitaji hoja: kwamba saini ya nyota huiongezea ala ya muziki thamani. Mimi naipinga. Saini haiongezi thamani ya gitaa. Mara nyingi huipunguza, na pale bei inapopanda kweli, ukichunguza utakuta kilicholipiwa si wino.

Tazama gitaa lililovunja rekodi ya minada. Juni 2020, nchini Marekani, gitaa la Martin D-18E la mwaka 1959 liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Ndilo alilolipiga Kurt Cobain wa Nirvana jijini New York Novemba 1993, katika onyesho la MTV Unplugged, miezi mitano hivi kabla ya kufariki. Mnunuzi alilipia usiku unaojulikana. Video ipo, albamu ipo, na mamilioni ya watu wameiona mikono ya Cobain juu ya mbao zile zile. Sasa chukua gitaa jingine la mwaka ule ule, kutoka kiwanda kile kile, ambalo Cobain angelitia saini akiwa anapita mlangoni. Lingekuwa limekutana naye kwa sekunde tano, tena bila kutoa sauti hata moja.

Atakayenipinga ataniletea gitaa la Doha. Novemba 2005, Fender Stratocaster yenye saini za Mick Jagger, Keith Richards, Eric Clapton, Jimmy Page, Paul McCartney na wenzao wengi iliuzwa Doha, Qatar, kwa dola milioni 2.7. Ni kweli, na sitaki kuikwepa hoja hiyo. Lakini mnada ule ulikuwa wa hisani, wa kuwasaidia walioathiriwa na tsunami ya Desemba 2004, maafa yaliyoanzia Indonesia yakaua watu hadi Somalia na kwenye pwani yetu. Sote tumehudhuria harambee. Mtu akisimama, akanunua kuku mmoja kwa milioni nzima ili kanisa au msikiti upate bati, hakuna anayekwenda sokoni kesho yake kusema kuku wamepanda bei. Tunajua alichonunua. Kwa nini tusahau tunapofika kwenye gitaa?

Nje ya hisani, soko la saini lina ugonjwa mkubwa zaidi: uongo. Miaka ya 1990, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen dhidi ya waghushi wa saini za wanamichezo na watu mashuhuri. Makadirio yaliyotolewa wakati ule yalisema zaidi ya nusu ya saini zilizokuwa sokoni huenda zilikuwa za kughushi. Miongoni mwa vitu vilivyonaswa ilikuwemo mipira ya besiboli yenye saini ya Mother Teresa. Waghushi hawakuona haya kumpa mtawa wa Calcutta mpira wa besiboli autie saini, maana walijua mnunuzi wa wino haulizi maswali mengi.

Gitaa ni rahisi zaidi kudanganyia. Magitaa mengi yanayouzwa kwa sababu ya saini ni yale ya bei ya chini, ya mtu anayeanza kujifunza. Na mara nyingi saini haipo kwenye mbao. Ipo kwenye kile kibao cha plastiki kinachokaa chini ya nyuzi ili mbao zisichubuliwe. Kwenye magitaa ya umeme, kibao hicho hushikwa kwa skrubu. Kinaweza kutiwa saini peke yake mezani, kisha kikafungwa kwenye gitaa ambalo nyota hajawahi hata kuliona. Saini ni ya kweli, gitaa ni la kweli, na uhusiano wa viwili hivyo ni bisibisi ya muuzaji. Cheti kinachoambatanishwa nalo ni karatasi, na karatasi huchapwa na yeyote mwenye printa.

Tuseme basi saini ni halali, na gitaa lenyewe ni bora. Hapo ndipo hasara inapoanza. Magitaa ya Gibson Les Paul Standard yaliyotengenezwa kati ya 1958 na 1960 hayafiki 2,000, na moja likiwa salama huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Wanunuzi wake hukagua kila kitu: vanishi ni ya kiwandani? Kuna skrubu iliyobadilishwa? Kuna mahali palipopakwa rangi upya? Wanatafuta gitaa lililobaki kama lilivyozaliwa. Kwa macho ya namna hiyo, maka peni juu ya vanishi ni doa. Mpigaji naye halitaki, kwa sababu atalipia wino ambao jasho lake litaufuta. Muuzaji anabaki kumsubiri mtu mmoja: anayempenda nyota yule yule, anayeiamini saini ile, na asiyekusudia kupiga gitaa. Kitu kinachosubiri mnunuzi mmoja hakijaongezeka thamani, kimepoteza wanunuzi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Fidla ni ushahidi wa msemo huo. Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, aliyefariki mwaka 1737, alibandika kikaratasi chenye jina lake ndani ya kazi zake. Baadaye viwanda vya Ulaya vilichapa jina hilo hilo na kulibandika ndani ya maelfu kwa maelfu ya fidla za bei poa. Ndiyo maana mjuzi akiletewa fidla haanzi kwa kusoma jina. Anachunguza mbao, mkunjo wa tumbo lake, vanishi, mkono wa fundi. Jina limeandikwa humo tangu zamani na halimshtui mtu.

Najua lipo gitaa moja lililojaa saini ambalo nalipenda. Ni Trigger, Martin N-20 ya mwanamuziki wa Marekani Willie Nelson, aliyonayo tangu 1969. Marafiki zaidi ya mia wameandika majina yao juu yake. Lakini tazama kilicho kando ya majina hayo: shimo kubwa lililotobolewa na mkono wa mwenyewe kwa kucharaza miaka na miaka. Saini zile ni za wageni waliopita nyumbani. Shimo ni la mwenye nyumba.

Na sisi tunaoimba kwa Kiswahili tunao mfano wetu. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alimkuta mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, Katanga, nchini Kongo, akamrekodi. Mwenda alicharaza kwa kidole gumba na cha shahada, besi na sauti ya juu zikitembea pamoja kama watu wawili. Wapigaji wa Kenya na kwingineko walimwiga kwa kusikiliza. Urithi wake umetufikia kwa sauti, na bado mwanafunzi anaweza kukaa nao chini akajifunza kidole kwa kidole. Hakuna kalamu ambayo ingeweza kutuachia hayo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana yeyote atakayemfikia nyota akiwa na gitaa mkononi ni huu: mpe gitaa, usimpe kalamu. Mwombe alipige dakika moja, na rafiki yako arekodi kwa simu. Utakuwa na ushahidi ulio mgumu kughushi kuliko saini, na gitaa lako litakuwa limeguswa kwa namna lilivyotengenezwa kuguswa.

Mwanafunzi wangu ilimchukua muda kukubali. Tulipolifungua lile la ukutani, nyuzi zilikuwa zimeshika kutu na shingo imeanza kupinda. Tuliweka nyuzi mpya, tukainyoosha shingo, akaanza tena kupiga kila jioni. Sasa mkia wa ile saini umeshafutika pale mkono wake unapoegemea, na herufi za mwanzo zinafifia. Vanishi ya mahali hapo imeanza kung'aa kwa jasho lake mwenyewe.