Mugodi iko na posti, butiki haina

Wakati baba anatoka kwenda posti ya asubui, mama amekwisha kuamuka zamani. Amechota maji, amewasha makala, amepanga mikate pa meza mbele ya lupango. Baba akirudia anaoga, anakula bukari, analala. Ni haki yake, kazi ya mugodi ni ya nguvu. Lakini butiki ingali wazi. Saa tatu ya usiku mutoto wa jirani anagonga: «Mama, unipimie sukari, papa atalipa mwisho wa mwezi.» Mama anasimama tena.

Sisi wenye butiki, wenye kabini, wenye meza za unga na mafuta kule Kolwezi, Likasi na Kipushi, tunataka kusema leo jambo tunalofichaka: tumechoka. Hatuseme uchovu wa jioni, ule usingizi unamaliza. Tunasema ule ambao unaamuka nao asubui, sawa vile ulilala juu ya mawe. Mukiliya anaingia, unamukasirikia mbele hajafungula kinywa. Kuhesabu feza ya jioni, kazi uliyopenda, sasa unaiogopa.

Mitaani wanasema ni uvivu. Wengine wanasema mutu amekuroga. Hapana. Katika mwaka 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliandika uchovu wa namna hii ndani ya orodha yake ya kimataifa. Halikuuita ugonjwa, lilisema unatoka kwa mahangaiko ya kazi yaliyodumu bila kutengenezwa. Na alama ni tatu: nguvu kuisha, moyo kuchukia kazi, na kazi yenyewe kuanza kuharibika.

Wazee wanakumbuka wakati wa mposho, wakati kampani ilikuwa inatoa unga, hospitali na masomo. Miaka ya 1990 mishahara ilianza kuchelewa. Kisha, toka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kwa ile waliita «départ volontaire». Katika nyumba nyingi, meza ya mama njo ilibeba watoto. Ilikuwa meza ya kuokoa kwa muda kidogo. Miaka zaidi ya 20 imepita, meza ingali pale, na mama angali nyuma yake.

Sheria ya kazi ya inchi yetu inasema saa 45 kwa juma. Toka saa kumi na moja ya asubui mpaka saa tatu ya usiku ni saa 16. Zidisha kwa siku saba: saa 112. Hakuna kapita anayekuja kutuambia: posti imeisha, uende nyumbani. Tungali nyumbani!

Lakini masaa si kitu kinachotumaliza zaidi. Kinachotumaliza ni ile kaye ya madeni. Tunanunua kwa dola, tunauzisha kwa faranga, tunalipwa mwisho wa mwezi. Faranga ikianguka katikati, feza ya deni ikirudi hainunue tena kitu kilekile. Tena tuhesabu: kama mufuko mumoja wa unga uliununua kwa 10 na faida yake ni 1, mufuko mumoja uliokopeshwa na haukulipwa unakula faida ya mifuko kumi. Na mwenye deni ni jirani, ni shemeji, ni rafiki wa baba pa kazi. Ukimukatalia, wewe ni mubaya. Ukimukubalia, haulale.

Basi tunaomba nini?

Wababa wa mugodi, munajua kwamba hata kamio kubwa inasimamishwa ili itengenezwe. Munajua pia kwamba mutu aliyesinzia pa kazi analeta hatari. Mulete akili ile nyumbani. Siku yenu ya mapumziko, mukamate butiki masaa mane tu, na jioni muonyeshe hesabu. Feza ya kasha si ya bia. Watoto wakubwa wasaidie nyuma ya masomo, si pa nafasi ya masomo.

Mushahara ukiingia, deni ya butiki ilipwe siku ile ile. Sisi nasi tuandike mpaka juu ya kaye: nyumba isiyomaliza deni ya mwezi huu, haiongeze ingine.

Tujilipe mushahara, hata kidogo. Minervali, matanga na mugeni visitoke tena ovyo ndani ya kasha. Mutu asiyejua kama butiki inapata ao inapoteza anachoka mara mbili.

Mutatuambia: mukifunga, mukiliya atakwenda kwa jirani. Ni kweli. Kwa hiyo tuongee na jirani. Juma hili yeye afunge siku ya Mungu kuanzia saa sita, juma lijalo ni sisi. Likelemba zetu zinajua kupokezana feza. Zijue sasa kupokezana mapumziko. Mumoja akigonjwa, mwengine amukalie pa meza.

Na kama usingizi umepotea majuma mengi, ao moyo unapigapiga, usingoje. Uende kituo cha afya wakupime: pengine ni presha, pengine ni malaria, pengine ni uchovu huo. Mutu hawezi kujua kwa kukisia tu.

Hatudanganyi kwamba mapumziko yatashusha bei ya unga. Lakini butiki ya mutu aliyeanguka inafungwa siku zote saba, na nyumba yote inaijua njaa ile.

Baba, siku yako ya mapumziko ikifika, uulize neno moja tu: «Mama Fulani, funguo ya butiki iko wapi?»